Niliajiriwa Kukaa Kwenye Kiti cha Dereva Bila Kuendesha

Gari lilikuwa linajiendesha lenyewe. Saa nne asubuhi, barabara kavu, breki nzima, mwendo wa kawaida kabisa.

Mimi nilikuwa kwenye kiti cha dereva. Macho wazi, mikono mapajani.

Mbele yetu mtu akaingia barabarani, anavuta toroli lake la chupa.

Gari halikusimama.

Halikupunguza mwendo. Halikupiga hata honi.

Naomba mnivumilie, nitakwenda taratibu, maana nimechoka kulieleza jambo hili kwa watu ambao walikuwa na jibu lao kabla sijafungua mdomo. Polisi, mawakili, shemeji zangu wa WhatsApp. Leo nalieleza mara moja, lote, halafu nipumzike. Majina ya wengine nimebadilisha. Langu nimeliacha.

Naitwa Bakiri. Mtu wa Tanga, hapa Joburg, Afrika Kusini, nina miaka kumi na sita. Naishi Malvern, na mke wangu Tabia ana kiduka cha nguo za watoto palepale Jules Street.

Kabla ya kazi hii nilikuwa naendesha gari la kuitwa kwa simu. Wanaoifanya wanaijua. Wenye teksi wanakuona mwizi wa abiria wao, wanakuvizia kwenye geti la mall, ukipakia abiria tu, umekwisha. Nilipigwa mawe mara mbili. Mara ya pili Tabia alinikalisha kwenye stuli, akanitoa vipande vya kioo kichwani kwa kibanio cha nyusi. Alipomaliza akafuta mikono.

"Baba Zuhura, tafuta kazi nyingine."

Nikaipata.

Kampuni moja, jina naliacha, ilikuwa inajaribu magari yasiyohitaji dereva. Cha kuchekesha, tangazo lao lilisema wanatafuta madereva.

Meneja wetu alikuwa dada wa Soweto, anaitwa Lerato, mpole, kijana bado. Siku ya kwanza akanieleza kwa Kiingereza cha polepole.

"Gari linajua kuendesha. Wewe unakaa. Likikosea, unashika usukani. Lakini kisheria, Bakiri, dereva ni wewe."

Nikacheka moyoni. Kukaa tu? Nani asiyejua kukaa?

Jamani. Kukaa kunachosha kuliko kubeba zege.

Ukiendesha mwenyewe mwili una kazi. Mkono uko huku, mguu uko kule, akili inafuata. Ukikaa masaa manane unaangalia usukani unajizungusha wenyewe, akili haina pa kushika. Miezi ya mwanzo mguu wangu ulikuwa unakanyaga breki hewani. Kila kona nakanyaga, kila robot nakanyaga. Robot ni taa za barabarani, huku ndivyo tunavyoziita.

Mwezi wa nne mguu ukaacha.

Sikuona siku ulipoacha. Niligundua tu kwamba nashuka jioni na goti haliumi tena.

Njia yetu ilikuwa moja. Malvern, unashuka na Jules Street yote, unakatiza mjini, unatokea Braamfontein kwenye ofisi za kampuni, unageuza. Mara sita kwa siku. Nusu ya robot zimezima, teksi zinapita upande usio wao, na gari langu limesimama kwa adabu linasubiri zamu yake. Walio nyuma wananitukana mimi. Kizulu nilichojifunza mwaka ule, kingi si cha kusema mbele ya watoto.

Halafu lilikuwa na woga.

Mfuko wa plastiki ukipeperuka, linasimama. Kivuli cha nguzo, linasimama. Toroli la mwokota chupa limeegeshwa kando, limejaa magunia meupe, linasimama. Tena si kusimama kistaarabu. Linakita. Mkanda unakukaba, shingo inaruka mbele na kurudi. Jioni Tabia ananichua kwa mafuta, anauliza, "Hivi wewe na hilo gari, nani anamwendesha mwenzake?"

Kila lilipokita, kioo kidogo kando ya usukani kilikuwa kinauliza swali. Nimesimama sawa, au nimesimama bure? Kitufe cha kijani ni sawa, chekundu ni bure. Unabonyeza kimoja, safari inaendelea.

Nilibonyeza, tukaondoka. Sikuwahi kuuliza majibu yanaenda wapi.

Sasa turudi Jumanne ile ya ajali.

Tulikuwa tumelipita soko la matairi, tunashuka kuelekea mjini. Mimi peke yangu ndani. Yule mtu alitokea upande wa kushoto, kiunoni amejifunga kamba, nyuma yake toroli limejaa kupita kimo chake. Akasimama ukingoni. Akageuza kichwa upande wetu. Akaingia.

Nilimwona vizuri kabisa. Nikasubiri kishindo cha breki. Nilikaza shingo kabisa, kama ninavyoikaza siku zote.

Hakikuja.

Mguu wangu ulipokumbuka kazi yake, tulishamfikia.

Sauti yake siielezi. Nitasema tu kwamba chupa ziliendelea kubingirika muda mrefu baada ya kila kitu kunyamaza.

Nikatoka. Watu wakatoka madukani. Mmoja akauliza, "Dereva yuko wapi?" Mwingine, aliyekuwa analijua gari lenye kamera juu, akasema, "Hili halina dereva." Wa tatu akaninyooshea kidole. "Ni huyu hapa. Alikuwa amekaa tu!"

Mtu akanikamata kola. Sikujitetea.

Chini, yule bwana akaanza kusema. Nilitegemea Kisotho au Kizulu. Akasema, "Mungu wangu, mguu. Mungu wangu."

Kiswahili. Cha Burundi, lakini Kiswahili.

Nikapiga magoti. "Usijitikise, ndugu yangu. Niko hapa. Wanaleta gari la wagonjwa."

Akaniangalia kama mtu anayetaka kukumbuka alikuona wapi. Halafu akasema, "Toroli yangu. Wataiba toroli yangu."

Nikamwambia nitaliangalia. Ndicho kitu pekee nilichoweza kumwahidi mtu yule.

Polisi walinichukua maelezo kituoni, wakafungua jalada, wakaniambia nisitoke mjini. Toroli lilikuwa limepinda gurudumu. Nilimwomba fundi mmoja wa Jules Street alifungie uani kwake.

Kesho yake, Jumatano, nikaitwa ofisini.

Lerato alikuwa na wanaume wawili wa suti ambao hawakujitambulisha. Wakaniwekea video. Kamera moja inaangalia barabara, nyingine inaniangalia mimi. Nikajiona. Mzee mmoja mchovu, kidevu juu, macho mbele.

"Bakiri," Lerato akasema, "ulikuwa unamwangalia. Sekunde nne nzima. Kwa nini hukukanyaga?"

"Nilidhani litasimama. Siku zote linasimama."

Lerato akaangalia meza. Wakati ule sikuelewa kwa nini.

Mmoja wa suti akasukuma karatasi mbele yangu. Kwa ufupi ilisema hivi: gari lilifanya kazi kama lilivyopangwa, dereva ndiye aliyeshindwa kuchukua hatua. Nikisaini, kampuni itaniwekea wakili wake mahakamani, na baadaye itanipa kazi ya kusimamia yadi. Nisiposaini, nitajitegemea.

"Fikiria mpaka Ijumaa mchana," akasema, na akanipa peni, eti niondoke nayo.

Nyumbani nikamweleza Tabia. Alikuwa anakunja visweta vya watoto, hakuacha kukunja.

"Saini."

"Mama Zuhura..."

"Saini, Bakiri." Akiniita jina, ujue amefika mwisho. "Umeona kwenye hiyo video kuna mtu mwingine amekaa? Ni wewe. Na sisi hapa ni wageni. Kibali chako kinakaguliwa mwaka huu huu. Unataka kushindana na watu wa suti kwa lipi? Mimi nimechoka. Nimechoka na mawe, nimechoka na vioo, nimechoka kukaa dukani nasikia king'ora nakuwaza wewe."

Alikuwa anasema kweli tupu.

Alhamisi asubuhi simu ikaita, namba siijui.

"Papa Bakiri? Ni Falonne, wa kule juu. Usisaini ile karatasi."

Falonne ni mama wa Lubumbashi, alikuwa anafanya kazi ghorofa ya tatu ya ofisi ile. Kazi yake ilikuwa kukaa na kompyuta, anapewa picha zilizopigwa na magari yetu, anachora kiboksi kuzunguka kila kitu na kuliambia gari hiki ni nini. Huyu mtu. Hii mbwa. Hii teksi. Kutwa nzima, maelfu ya picha. Tulizoea kusalimiana kwenye lifti tu, kwa vile wote tunasema Kiswahili.

Tukakutana kwenye kibanda cha chipsi karibu na chuo, Braamfontein, katikati ya wanafunzi. Alikuwa na bahasha ndani ya mkoba, na mkoba ameukumbatia.

"Papa, beko banakudanganya," akaanza, kwa Kiswahili cha kwao, ambapo wa ni ba. "Ile gari ya Jumanne haikuwa ile ya Jumapili. Jumatatu jioni batu ba programu balibadilisha akili yake. Kuna bageni bakubwa banakuja mwezi ujao, bale ba kutoa mtaji. Mara ya mwisho gari ilikita nao ndani, mumoja akamwagikiwa kahawa kwa nguo. Bakasema, gari itulie. Isisimame ovyo."

"Na toroli?"

"Toroli yenye magunia bakaiweka pamoja na takataka. Kitu cha kupita pembeni yake, si cha kuogopa. Mutu mwenye kuvuta, ameinama mbele ya gunia, gari ilimwona, lakini ikamuhesabu kama sehemu ya ule muzigo." Akashusha sauti. "Bao habakuwaambia nyinyi madereva. Hata mumoja."

Aisee. Kumbe si mimi! Nikataka kuinuka pale pale niende polisi, niende kwa Tabia, nimrukie huyu mama nimkumbatie.

Falonne hakutabasamu.

"Papa, ngoja. Nitakupa hizi karatasi. Lakini soma yote kwanza. Usiniulize tena, mi naona uchungu."

Ilikuwa orodha. Tarehe, saa, mahali, gari lilisimama kwa sababu gani, na jibu la dereva. Juu wameandika kwamba hizi ndizo taarifa zilizotumika kuliamulia gari kwamba toroli si hatari. Mistari mia tatu na kitu.

Kila mstari, jibu: bure. Bure. Bure. Bure.

Pembeni, namba ya dereva aliyebonyeza. Namba mbili ilitokea mara chache, namba tano mara chache.

Mistari iliyobaki yote, namba saba.

Namba saba ni mimi.

Nilikaa na ile karatasi mpaka chipsi zikapoa. Nikakumbuka vidole vyangu. Toroli limeegeshwa, gari linakita, shingo inauma, nyekundu. Na yale mengine? Yale ambayo mwenye toroli alikuwepo, kainama anapanga chupa zake? Kweli nilikuwa naangalia, au nilikuwa nabonyeza tu ili tuondoke?

Kijani na nyekundu vilikuwa karibu karibu. Nyekundu ilikuwa upande wa mkono wangu.

"Hakuna aliyekuambia kidole yako inafundisha," Falonne akasema taratibu.

"Sikuuliza," nikamjibu.

Akaniomba jina lake nisilitaje popote. Nikamwahidi. Akainuka, akaacha chai yake nzima.

Usiku huo nilimweleza Tabia kila kitu. Alisoma orodha mstari kwa mstari, kidole chini ya kila namba saba. Nikadhani ataniambia nichome zile karatasi, nikasaini ile ya kampuni.

Akasema, "Ukipeleka hizi, unajifunga mwenyewe."

"Najua."

"Na usipopeleka, wataleta gari jingine na dereva mwingine, na akili hiyohiyo."

"Najua."

Halafu akazikunja zile karatasi vizuri, kama anavyokunja visweta, akazirudisha kwenye bahasha.

"Basi vaa shati la Idi. Usiende kwa watu wa suti umevaa kama mtuhumiwa."

Ijumaa nikaenda. Niliiweka karatasi yao mezani, haina saini, na peni yao juu yake. Nikamwambia Lerato, "Nitawaeleza polisi yote, na sehemu yangu." Wa suti akaanza kutaja mikataba na siri za kampuni. Lerato hakumsikiliza. Alikuwa ananiangalia mimi, macho yamejaa.

"Niliwaambia wawajulishe madereva," akasema. "Niliwaambia, Bakiri. Halafu nikanyamaza."

Nikamwelewa. Alikuwa amenyamaza kama mimi, kwa uchovu tu.

Polisi walipokea bahasha. Askari aliyeandika maelezo yangu aliuliza mara mbili kama nina uhakika nataka ile sehemu ya vitufe iingie. Nikasema iingie. Nikatoka pale na, nisiwadanganye, nilijiona mtu mwema. Nilijiona nimemaliza.

Jumamosi nikaenda hospitali kumwona yule bwana.

Nilishajua jina lake kutoka kituoni. Ezéchiel. Miaka hamsini na mbili, mtu wa Bujumbura, anaokota chupa mtaa huo mwaka wa kumi na moja. Nyonga imevunjika, mguu umewekewa vyuma. Mkewe, Gaudiose, alikuwa amekaa kando ya kitanda anamenya chungwa.

"Ni weye dereva?" mama akauliza.

"Ni mimi."

Hakunipa kiti. Akaendelea kumenya.

Nikasimama, nikaeleza. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nikasema kuhusu programu ya Jumatatu, kuhusu wageni, kuhusu magunia meupe. Nikasema kuhusu vitufe na namba saba, sikuficha. Nikamalizia kwa ile sentensi niliyoona ni ya maana kuliko zote.

"Ndugu yangu, gari halikujua kwamba wewe ni mtu."

Ezéchiel alikuwa anaangalia dari. Halafu akageuza kichwa, ule mgeuko niliouona Jumanne.

"Gari?" akasema. "Mimi najua ile gari. Ile yenye kamera juu. Sisi wote wa matoroli tunaijua. Ikikuja peke yake, tunaiogopa. Tunangoja ipite. Haina akili."

"Sasa mbona uliingia?"

"Sikuangalia gari, mzee. Niliangalia weye."

Nikashika chuma cha kitanda.

"Niliona mutu amekaa. Mutu mukubwa, ana mvi kama mimi. Macho yake iko kwangu, sawasawa. Nikasema, huyu ameniona. Nikapita." Akameza mate. "Kama ile kiti ingekuwa tupu, singeweka mguu yangu barabarani."

Gaudiose aliacha kumenya.

Mimi niliyewekwa pale ili watu wawe salama, ndiye niliyemwita barabarani. Hakuna orodha iliyoandika hilo. Hakuna kamera iliyoliona. Yalikuwa yangu na yake tu.

Nikakaa chini, sakafuni, kwa sababu kiti hakikuwepo. Sikuomba msamaha kwa maneno ya kupanga. Nilisema tu, "Nilikuangalia, lakini sikuwepo."

Baada ya muda mrefu mama Gaudiose akaniwekea kipande cha chungwa mkononi. Sijui kwa nini. Nikakila.

Mambo yaliishaje? Mahakamani nilikiri uzembe. Nikapewa kifungo cha nje, na leseni ikafungiwa. Kampuni ilikubali kugharamia matibabu ya Ezéchiel bila kukiri kosa, halafu ikayafunga majaribio ya Joburg, nasikia magari yamepelekwa nchi nyingine. Lerato aliacha kazi. Falonne anafanya kazi mahali pengine, na hakuna aliyejua kwamba karatasi zilitoka kwake.

Ezéchiel anatembea kwa gongo. Hawezi tena kuvuta, anachambua chupa kwenye yadi ya wanunuzi. Toroli lake tulilitengeneza, sasa analivuta mtu mwingine. Hatujawa marafiki, msidhani. Ila fomu zake za fidia ya ajali ni za Kiingereza, na mimi nina muda, basi namfuatilia. Tunakaa kwenye foleni kutwa nzima, yeye na mimi, hatuongei sana.

Nafanya kazi dukani kwa Tabia. Nimeuza nguo za watoto kwa mwaka sasa.

Wengi wananiuliza, Bakiri, kwa hiyo hizi gari ni mbaya? Sijui. Kuna siku lile gari lilisimama kwa ajili ya mtoto aliyekimbilia mpira, mimi nisingewahi. Siwezi kulitukana.

Ninachojua ni kidogo tu. Popote ulipowekwa, iwe kwenye usukani, kitandani kwa mgonjwa, au mezani na watoto wako, kuna mtu anakuangalia machoni kabla ya kupiga hatua. Akikuona, anaamini upo.

Kama umechoka, shuka. Sema, nimechoka, nashuka, acheni kiti kitupu. Watu watakikwepa.

Usikae hapo na macho wazi huku haupo.

Nimemaliza. Nakwenda kulala.